Equasis na kitafutio cha OFAC: zana mbili za bure za kukagua meli kabla ya kuipangia shehena

Wakala wa meli wa Mombasa au Dar es Salaam anaweza kudhani vikwazo vya Marekani ni mambo ya wakubwa. Lakini nauli hulipwa kwa dola, na dola inayotumwa Dubai au Singapore kwa kawaida hupitia benki iliyoko Marekani. Hapo ndipo sheria inapomkuta. Mwaka 2017 CSE TransTel, kampuni ya Singapore, ilikubali kulipa takriban dola milioni 12 kwa sababu malipo ya kazi zake za Iran yalipita katika mfumo huo wa benki. Tena kosa hili haliangalii nia: kutojua hakukuokoi.

Zana zinazopimwa hapa ni mbili, na zote hazina malipo: Equasis, hifadhidata ya meli, na kitafutio cha OFAC, ofisi ya Hazina ya Marekani inayosimamia vikwazo.

Equasis ilianzishwa mwaka 2000 na Tume ya Ulaya pamoja na mamlaka ya bahari ya Ufaransa. Unajisajili kwa barua pepe, unaingia, unaandika namba ya IMO, yaani ya utambulisho wa meli chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari. Namba, si jina. Jina la meli hufutwa kwa ndoo ya rangi na bendera hubadilishwa kwa karatasi, ila namba ya IMO huandamana na meli tangu kuundwa mpaka kukatwa chuma chakavu. Ina tarakimu saba, na ya mwisho ni ya kujihakiki: zidisha sita za kwanza kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano, jumlisha, kisha tazama tarakimu ya mwisho ya jumla. Chukua 9074729. Unapata 63, 0, 35, 16, 21 na 4, jumla 139, inaishia na 9 kama namba yenyewe. Isipolingana, aliyekutumia hati ama amekosea kuchapa ama ametunga namba. Vyovyote vile, hati inarudi kwake kabla hujaendelea.

Kupita hesabu hiyo bado si usalama, maana wapo wanaobandika namba halali ya meli iliyokwisha kuvunjwa. Ndiyo maana inafaa kuusoma ukurasa wote wa Equasis: hali ya meli, mwaka wa kuundwa, tani, aina yake. Ukiambiwa meli ni ya 2008 na Equasis inasema namba hiyo ni ya meli ya 1994 iliyokwisha kukatwa, umeshapata jibu.

Utamu wa Equasis uko kwenye historia. Inakuonyesha majina ya zamani, bendera, chama cha uainishaji (shirika linalokagua ubora wa meli), mmiliki aliyesajiliwa na msimamizi wa usalama, pamoja na tarehe. Meli iliyobadili bendera mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na mmiliki wake ni kampuni ya miezi miwili yenye meli moja tu na anwani ya kuazima kwa msimamizi, inahitaji maswali mengi kabla ya kutiwa saini. Kwetu somo hili si geni. Mwaka 2012 meli 36 za mafuta za Iran zilikutwa zimesajiliwa Zanzibar kupitia wakala wa Dubai, na serikali ikalazimika kuzifuta. Angalia pia sehemu ya bima ya P&I, yaani bima ya dhima ya mwenye meli kwa wengine. Klabu 12 za bima hiyo zilizo katika Kundi la Kimataifa hubeba takriban asilimia 90 ya tani za meli za baharini duniani. Sehemu hiyo ikiwa tupu, omba cheti, kisha kihakiki kwenye tovuti ya klabu yenyewe, si kwa namba ya simu iliyoandikwa kwenye cheti.

Upungufu wake ni mkubwa katika mambo mawili. Kwanza, mabadiliko ya bendera huweza kuchelewa kuonekana, kwa hiyo linganisha na GISIS, hifadhidata ya IMO yenyewe, ambayo nayo ni bure na huonyesha bendera ya uongo (meli kudai bendera ya nchi isiyoisajili) nchi husika ikishatoa taarifa. Pili, Equasis haikutajii mwenye mali halisi nyuma ya kampuni.

Kitafutio cha OFAC ni chepesi zaidi, na wengi hukitumia vibaya. Kizingiti cha ulinganifu wa jina huanza kikiwa 100, yaani herufi kwa herufi. Ukiandika Noor na orodha imeandika Nour au Nur, unaweza kuambiwa hakuna kitu, ukaondoka na amani ya bure. Kishushe hadi 85 au 80 kisha pitia majina yatakayotoka. Kizingiti hicho hakigusi sehemu ya namba ya utambulisho, kwa hiyo tarakimu moja ikikosewa hupati kitu. Tafuta namba ya IMO kwanza, halafu jina la sasa, majina ya zamani kutoka Equasis, mmiliki, msimamizi na mkodishaji.

Hata ukikuta kweupe, kazi haijaisha. Kampuni inayomilikiwa kwa asilimia 50 au zaidi na watu waliozuiwa, hisa zao zikijumlishwa, nayo imezuiwa ingawa jina lake halimo kwenye orodha. Kitafutio hakiwezi kukupigia hesabu hiyo. Dai orodha ya wanahisa.

Mtego mwingine uko Ulaya. Meli zilizopigwa marufuku kuhusu Urusi zimo katika Kiambatisho cha XLII cha Kanuni 833/2014: mwezi Juni 2024 zilianza zikiwa meli 27, na kufikia mwishoni mwa 2025 zilikuwa zimevuka 500. Anayetafuta kwenye orodha ya Ulaya ya watu waliozuiliwa mali hatazikuta humo. Fungua kiambatisho chenyewe, toleo la karibuni.

Kwa wakala mdogo, zana hizi zinatosha kwa mzigo mkavu na makasha yenye historia safi. Kwa mafuta na gesi hazitoshi. Huko unahitaji huduma ya kulipia inayofuatilia AIS, kifaa cha meli kinachotangaza mahali ilipo, kwa sababu meli iliyozima kifaa hicho na kuhamishia mafuta kwenye meli nyingine katikati ya bahari haiachi alama yoyote kwenye Equasis.

Kagua mara tatu: kabla ya mkataba, siku ya kupakia, na kabla ya kutuma fedha, kwa kuwa orodha hubadilika wakati meli iko njiani. Jina likigonga, usirudishe fedha wala usighairi safari kimyakimya. Simamisha kila kitu, ongea na benki na mwanasheria. Kila ukaguzi upige picha ya skrini inayoonyesha tarehe ambayo OFAC walisasisha orodha. Tangu Machi 2025 kumbukumbu za miamala inayoguswa na vikwazo vya Marekani zinatakiwa kutunzwa miaka 10, na picha isiyo na tarehe haitakusaidia kuthibitisha kwamba siku hiyo meli ilikuwa safi.