Kupigiwa picha ya kaburi Uingereza kupitia Find a Grave: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. Find a Grave ni tovuti ya kumbukumbu za makaburi. Huduma ni bure, na wanaokupigia picha ni watu wa kujitolea wasiolipwa hata nauli.

Ombi la picha unaliweka kwenye ukurasa wa marehemu. Kama hana ukurasa, unaufungua mwenyewe, ila kwanza hakikisha haupo tayari kwa tahajia nyingine ya jina. Kisha andika maelezo yanayomfikisha mtu kaburini. Hapa ndipo maombi mengi yanapokwama: "kazikwa Brookwood", basi. Brookwood, Surrey, iliyofunguliwa 1854, ndiyo makaburi makubwa kuliko yote Uingereza, na ina sehemu zaidi ya moja za Waislamu. Mtu akazunguke huko kutwa nzima? Iandikie ofisi ya makaburi, taja jina na tarehe ya kuzikwa, uombe kitalu na namba ya kaburi. Waulize pia kama lina jiwe. Makaburi mengi hayana, na usipouliza utamtuma mtu atafute kitu kisichokuwepo.

Tarehe huna? Nenda tovuti ya FreeBMD, yenye fahirisi ya vifo vya England na Wales tangu 1837, nayo imenakiliwa na watu wa kujitolea. Hadi 1983 imepangwa kwa robo mwaka, na robo hiyo ni ya kuandikishwa kifo, si ya kufa. Aliyefariki Machi 30 unaweza kumkuta robo ya Juni, yaani Aprili hadi Juni. Umri wa marehemu unaonekana kuanzia 1866. Kazi ni majina yetu. Juma bin Ali anaweza kuwa chini ya Ali, chini ya Juma, au "Binali" kwa mkupuo. Ukiandika Sal*, kinyota kikisimama badala ya herufi zozote, itakuletea Salim, Saleem na Salem; Selim mtafute peke yake.

Nyota ya tano nimeikata kwa sababu picha naiamini, lakini tarehe na undugu unaoandikwa chini yake mtu yeyote anaweza kubandika bila ushahidi. Na ombi la kijijini linaweza kukaa miaka.

Picha ikifika, shukuru, na omba ruhusa kabla ya kuichapa kwenye kitabu cha ukoo. Ni mali ya aliyeipiga. Deni lipe makaburini kwenu kwa kuwapigia wengine picha: piga jua likiwa upande, herufi zitoe kivuli. Jiwe likiwa halisomeki, limwagie maji matupu. Chaki na brashi ya waya zinaliharibu.