Google Sheets kwa ratiba ya zamu hotelini: inafaa, ikiwa meneja atakubali kufungwa nayo

Kwa hoteli za Nyali na Bamburi, Mombasa, ambazo bado hupanga zamu kwa jumbe za WhatsApp usiku, Google Sheets, programu ya majedwali ya mtandaoni, ni nafuu kubwa, tena ni bure. Majina yakae kushoto, siku saba juu, na kila kisanduku kiwe na orodha ya kuchagua: ASUBUHI, JIONI, USIKU, OFU (siku ya mapumziko). Kwenye safu ya I andika =COUNTIF(B2:H2,"OFU"). Ikileta 0, mtu huyo hana mapumziko wiki hiyo, ilhali Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa angalau siku moja katika kila siku saba. Iwekee rangi nyekundu ijitokeze yenyewe.

Wanaohariri wawe wawili tu. Wengine waone na kutoa maoni. Wote wakihariri, kidole kitateleza kwenye simu na mstari mzima utafutika.

Kasoro kubwa ni kwamba kisanduku kikibadilishwa, simu ya mfanyakazi hailii. Meneja aliyezoea kuamrisha hugeuza OFU kuwa ASUBUHI Jumamosi usiku, na mama aliyepanga kumpeleka mtoto kliniki anajua akipigiwa simu saa 1 asubuhi: "Uko wapi?" Kufunga visanduku hakusaidii hapo, kwa sababu mwenye faili hazuiliwi. Kwa hivyo faili imilikiwe na ofisi ya wafanyakazi, si meneja wa zamu. Ratiba itoke Alhamisi kwa wiki inayoanza Jumatatu, na baada ya hapo hakuna badiliko bila mhusika kuandika "nakubali" kwenye maoni. Wakitaka kubadilishana zamu wenyewe, waachiwe. Meneja aidhinishe tu.

Jedwali pia halioni safari. Zamu ya vipande viwili, saa 1 hadi saa 5 asubuhi kisha saa 11 jioni hadi saa 3 usiku, huhesabika saa nane. Kwa anayekaa Likoni, pamoja na feri na matatu, hiyo ni siku nzima: katikati harudi nyumbani, na usiku anakuta watoto wamelala. Ongeza safu ya mtaa anaokaa mtu. Zamu hiyo wapewe wa karibu, na wafidiwe kwa ofu za wikendi. Ramadhani tengeneza jedwali jingine kabisa, maana JIONI hugongana na futari.

Tunaipa nyota 4 kati ya 5. Nakala moja ichapishwe ibandikwe jikoni, kwani si kila mtu ana bando.