Kuruka na Tiger Moth pale Duxford: uzoefu wangu

Kama uko Uingereza na unataka kujilipia safari ya Tiger Moth, ndege ndogo ya zamani yenye bawa la juu na la chini, chukua ile ndefu ambayo rubani anakuachia usukani. Ile fupi utapata picha na upepo, basi. Ndege hii iliundwa kufundishia watu, na utamu wake huujui mpaka uiongoze kwa mkono wako.

Mimi nilirukia Duxford, karibu na Cambridge, kituo cha zamani cha jeshi la anga ambacho leo ni makumbusho. Wanakuvisha koti zito, kofia ya ngozi na miwani, kisha wanakuonyesha pa kukanyaga kwenye bawa la chini. Fuata wanavyosema: kwingine kote ni kitambaa kilichowambwa juu ya vijiti vya mbao, na mguu unaweza kutoboa. Abiria hukaa mbele. Enzi za jeshi hapo palikuwa pa mwalimu, mwanafunzi akikaa nyuma. Waundaji wake, kampuni ya De Havilland, walisogeza bawa la juu mbele ili mwalimu aweze kujirusha nje na parachuti yake, halafu wakayalaza mabawa kinyumenyume kidogo ili ndege isipoteze mizani. Ukishajua hivyo, umbo lake lote linakuelea.

Injini ni Gipsy Major ya silinda 4, nguvu farasi 130, na inawashwa kwa kuzungusha propela kwa mkono. Aliye chini na rubani wanaitikiana kwa sauti kabla ya kila mzunguko, na hakuna anayeharakisha. Nidhamu hiyo ilinituliza kuliko maelezo yote ya usalama.

Hewani ndipo pesa yangu ilipolipa. Rubani alipounyanyua mkono wake nikajaribu kukata kona kwa fimbo ya usukani peke yake. Pua ikasitasita, upepo ukanipiga shavuni kutoka ubavuni. Shavu ndilo linalokwambia kwamba miguu yako imelala. Nikakanyaga pedali, upepo ukarudi usoni, ndege ikageuka vizuri. Tiger Moth haikuangushi kwa kosa dogo, lakini haikufichi kosa. Nadhani ndiyo maana jeshi la Uingereza liliitumia kuanzia 1932 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na vijana walioanzia humo wakaenda kurusha ndege za vita kama Spitfire na Lancaster. Zilitengenezwa zaidi ya 8,000, na nyingine zilifundishia marubani Kanada, Australia, Afrika Kusini na Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha ziliuzwa kwa raia kwa bei ya kutupa. Vilabu vya urubani vikazinunua, nyingine zikavuta ndege zisizo na injini. New Zealand waling'oa kiti cha mbele wakaweka pipa la mbolea, wakamwagia malisho ya milimani ambako trekta halipandi. Kazi ya hatari ile, chini chini kati ya vilima, na injini ndogo namna hii! Naiheshimu sawa na kazi yake ya vitani.

Ukoo huu kwetu si mgeni. Florence Kerr Wilson alipoanzisha shirika la ndege la Wilson Airways mjini Nairobi mwaka 1929, alianza na Gipsy Moth, ndege iliyoizaa Tiger Moth.

Kasoro zipo. Bei ni kubwa. Kiti cha mbele kimezungukwa na nguzo na nyaya, na bawa la juu linakuziba anga, kwa hiyo mandhari unayaona kwa pembeni. Vipokea sauti havishindi kelele. Mwombe rubani mkubaliane ishara za mkono kabla ya kuondoka. Upepo ukizidi wanaahirisha, basi usipange jambo jingine siku hiyo.

Glavu chukua hata kiangazi. Skafu ichomeke ndani ya koti, na simu iache chini: kitu kikidondoka humo ndani kinaweza kukwamisha nyaya za usukani.