Kukusanya majibu ya wanafunzi ukumbini: ununue nini kwa chuo cha Mwanza

Uliza "Mmeelewa?" mbele ya wanafunzi mia mbili, wataitikia watano wa mstari wa mbele. Waliobaki utakutana nao kwenye karatasi za mtihani. Vifaa vya kupigia kura darasani vinakuonyesha palepale nani kapotea, na kwa vyuo vya huku kwetu, kuanzia Malimbe hadi Butimba, mimi navipanga hivi.

Namba moja ni kadi za Plickers. Kila mwanafunzi anapewa kadi yenye namba na mchoro wa miraba. Anaigeuza mpaka herufi ya jibu lake, A, B, C au D, iwe juu, kisha anainyanyua. Mhadhiri anapitisha ukumbini kamera ya simu yake yenye programu ya Plickers na majibu yanaingia. Mwanafunzi hahitaji simu wala bando, na herufi ni ndogo kiasi kwamba jirani haigilizi kirahisi. Gharama yako ni steshenari tu: chapisha kwenye manila. Usizipake plastiki inayong'aa, maana mwanga wa dirishani ukigonga kadi, kamera haisomi. Seti kubwa ina kadi 63. Darasa likizidi hapo, gawa kadi moja kwa watu watatu au wanne wakubaliane jibu. Mabishano yao yenyewe ni somo.

Namba mbili ni simu za wanafunzi. Mentimeter na Kahoot!, programu za maswali ya mtandaoni, zinavutia, ila matoleo ya bure yana kikomo cha washiriki, na Kahoot! humpa pointi zaidi anayewahi kujibu, jambo lisilomsaidia anayehitaji kufikiri. Google Forms, fomu ya maswali ya mtandaoni, ni bure na inatosha. Kabla ya kuchagua njia hii, uliza wangapi wana simu janja yenye chaji na bando siku hiyo. Mwenye kitochi asiachwe nje ya somo. Na usitegemee modemu moja ya mfukoni ibebe ukumbi mzima.

Rimoti maalumu, zile ambazo mwanafunzi anabonyeza kitufe cha jibu lake, naziweka mwisho. Hazihitaji intaneti ya mwanafunzi, lakini ni ghali, zinakula betri na zinapotea. Ukiuziwa zilizotumika, hakikisha kipokezi kinakubali kompyuta yako na programu yake bado inapatikana.

Chochote utakachonunua, swali ndilo linalofundisha. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, alianza njia hii mwaka 1991: kila mtu ajibu peke yake, ajadiliane na jirani, kisha ajibu tena. Waliopata wakiwa kati ya asilimia 30 na 70 hivi, waache wajadiliane. Wakiwa chini ya hapo, rudi ubaoni ueleze upya. Jaribu kwanza kwa kunyoosha mikono kwenye vipindi viwili vitatu, na ukiona maswali yako yanazua ubishi, peleka kadi zikachapishwe.