Nimesoma chuo kwa mtandao semista mbili huku nafanya kazi, uzoefu wangu ni huu

Jamani nimemaliza mitihani ya semista ya pili wiki iliyopita, na naandika hii sasa hivi mambo yakiwa bado mabichi kichwani, maana kila siku naulizwa hivi kusoma chuo kwa mtandao inawezekana kweli au ni kupoteza hela tu. Inawezekana. Nasoma uhasibu, nimeshamaliza masomo matano, mchana niko kazini na nyumbani nina mtoto mdogo, bila hii njia chuo ningeendelea kukisikia kwa wenzangu tu. Ila kuna jambo moja matangazo yanalipita juu juu na mimi lilitaka kuniangusha kabisa.

Wanakwambia utasoma kwa muda wako. Ni kweli, hakuna anayekuita darasani, lekcha zimerekodiwa, notsi zipo, unaingia saa unayotaka wewe. Sasa mimi huo muda wangu mwezi mzima wa kwanza haukufika. Narudi kazini nimechoka nasema ntasoma alfajiri, alfajiri mtoto kaamka kabla yangu, basi nasema wikiendi, wikiendi kuna nguo za kufua na wageni, kuja kushtuka ni wiki ya tano nina video 14 sijafungua hata moja na asaimenti ya kwanza imebakiza siku nne. Chuo cha kukaa darasani unapangiwa ratiba, huku unajipangia, na usipojipangia hakuna wa kukugongea mlango.

Semista ile nilikuwa na masomo matatu. Mawili yalikuwa huru kabisa, kazi zote unakusanya mwishoni. La tatu, misingi ya uhasibu, lekchara alikuwa anatubana, kila Jumatano kuna kwizi ya maswali kumi na inafungwa usiku ule ule, ukiikosa imekupita. Nilikuwa namlalamikia sana, najisemea si mlisema hapa mtu anasoma kwa muda wake? Matokeo yalipotoka, lile somo lililonibana ndo nililofanya vizuri kuliko yote na mpaka leo nalikumbuka, yale mawili huru moja nilifaulu kwa kuponea chupuchupu na jingine nimelirudia. Baadae lekchara alituwekea utafiti wa wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa mwaka 2006, wanafunzi waliojipima bila kuangalia kitabu walikuja kukumbuka mengi zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokuwa wanarudia kusoma tu. Nikaelewa kwanini zile Jumatano zilikuwa zinaniuma na zinanisaidia kwa pamoja.

Kuna usiku mmoja siusahau. Naandaa urari, ile orodha ya hesabu ambayo jumla ya debiti na ya krediti lazima zilingane, zangu zinapishana 450. Nimejumlisha mara tatu, jibu lile lile, nyumba nzima wamelala, sina wa kumuuliza. Nikaandika swali kwenye jukwaa la somo nikalala na hasira. Asubuhi nakuta lekchara kajibu kwa sentensi mbili tu, gawanya hiyo tofauti kwa 9, ikigawanyika bila baki tafuta namba uliyogeuza tarakimu zake. Na kama haigawanyiki, igawe kwa 2 uangalie kama kuna kiasi hicho umekiandika upande usio wake. 450 kwa 9 ni 50, hakuna baki. Nikaanza kupitia mstari kwa mstari, nikakuta mauzo ya 1,720 nimeyaandika 1,270. Nilipiga kelele mpaka mtoto akaja kuangalia kuna nini! Hiyo mbinu sasa naitumia kazini kila mwisho wa mwezi. Kwahiyo wanaosema huku hupati mwalimu, mimi nilimpata, ila ilibidi nijifunze kuuliza kwa maandishi, unaeleza umefanya nini, umekwama wapi, unaweka na picha ya kazi yako. Ukiandika tu "sijaelewa" utakaa sana kusubiri.

Kitu kingine nilichokipenda sana ni kuirudisha video. Kuna kipande cha uchakavu wa mali nimekirudia mara nne, darasani ningeona aibu kumsimamisha mwalimu mara zote hizo. Na video zenyewe unaweza kuzipakua ukiwa na intaneti nzuri ukaangalia baadae bila kula bando.

Upande wa mitihani ndo wenye maudhi. Yetu inasimamiwa kwa kamera, lazima laptopu, programu yao haifunguki kwenye simu, unaonyesha kitambulisho, unazungusha kamera chumba kizima na meza iwe tupu. Mtihani wangu wa pili intaneti ilikata dakika ya 40, niliporudi mfumo umenifungia, nikaandikia huduma kwa wanafunzi wakanijibu siku ya tatu. Siku tatu sili vizuri. Mwisho walinipa nafasi nyingine, na kilichoniokoa ni skrinishoti niliyopiga pale pale yenye saa na ujumbe wa kukatika, kwahiyo likitokea lolote piga picha kwanza ndo uanze kuhangaika. Na chuo kinachomsimamia mtu kwa mashine halafu kinamjibu baada ya siku tatu kijirekebishe, hilo nasema wazi.

Halafu dedlaini. Chuo chetu kinatumia Moodle, mfumo wa mtandaoni wa kuwekea masomo na kukusanyia kazi, na mimi niko sehemu ambayo saa zetu zipo nyuma ya za chuo kwa saa mbili. Nilipeleka kazi saa nne na nusu usiku nikijua bado nina muda, kumbe imeshafungwa, nikakatwa maksi. Ukiingia kwenye wasifu wako kuna sehemu ya saa za eneo, weka za kwako siku ya kwanza kabisa na tarehe zote zinajibadilisha zenyewe.

Wale wanaosema cheti cha kusoma mbali hakina thamani, kusoma mbali hakujaanza na intaneti. University of London ilifungua mitihani yake kwa watu wasiohudhuria mwaka 1858, na chuo kikuu cha UNISA cha Afrika Kusini kimeanza kufundisha kwa posta mwaka 1946. Cha kuangalia ni ithibati. Usimuulize wakala, ingia mwenyewe kwa mamlaka inayosimamia vyuo vya nchi kilipo chuo ulitafute jina lake, na uliza pia kama kozi yenyewe inatambulika kwa bodi ya fani yako, maana chuo kinaweza kuwa halali na kozi ikakuacha njiani.

Semista ya pili nilibadilisha mambo mawili tu. Nilichukua Jumatano usiku na Jumapili asubuhi nikazifanya kama zamu ya kazini, nyumbani wote wanajua hapo siitwi. Na tukaunda kundi la watu wanne, tunapigiana simu kila Jumapili, kila mtu anawaelezea wenzake mada moja bila kuangalia notsi, usipoiandaa inajulikana hapo hapo. Masomo yote matatu nimefaulu, na lile nililokuwa narudia nalo limo.

Semista ya tatu nimeshajisajili. Nimechukua mawili, na kabla sijayachagua niliwauliza waliotangulia ni lekchara gani anatoa kwizi kila wiki.