Roboti ya mazoezi ya mkono nyumbani: tathmini baada ya miezi minne

Baba alipopata kiharusi, mguu ulirudi mapema lakini mkono wa kulia ulibaki mzito, ukining'inia begani. Mtaalamu wa fiziotherapia alimwona mara mbili kwa wiki, na siku tano zilizobaki mkono ulilala mapajani. Kwa ajili ya siku hizo tano ndipo tulipokodi roboti ya mezani, ambayo tumeitumia kwa miezi minne.

Chombo chenyewe ni mpini unaoteleza juu ya bamba pana. Kiganja hufungwa kwenye mpini kwa mikanda laini, kigasha huegemea kitako chake, na kila mwendo wa mkono huendesha mchezo kwenye skrini, kama vile kufuata mstari au kusukuma mpira hadi langoni. Vihisio hupima nguvu anayotoa mgonjwa, na mota hujazia pale anapopungukiwa.

Faida yake kubwa ni wingi wa marudio, kwa kuwa ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kurudia jambo lile lile mara nyingi mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ambao ulihesabu kinachofanyika katika vipindi vya kawaida vya tiba, ulikuta wastani wa marudio 32 tu ya mazoezi ya mkono yenye kazi mahususi kwa kipindi, ilhali wanyama wa maabara walioonyesha mabadiliko ya ubongo walikuwa wakifanya mamia kwa siku. Baba alifikisha zaidi ya 400 kwa dakika 40, bila mtu kumshika mkono. Hakuna mwanafamilia, hata awe na subira kiasi gani, anayeweza kumfanyia hivyo kila siku.

Hata hivyo, wiki za mwanzo nusura zipotee bure. Mashine ililetwa ikiwa imepangwa kutoa msaada wa juu kabisa, na alama zikapanda upesi hadi sote tukafurahi. Alasiri moja nilimkuta baba amesinzia kitini, mkono unakwenda na kurudi, na skrini bado inamwongezea alama. Alipoamka aliniambia, "Mwanangu, hiki chombo kinanibembeleza." Alikuwa amesema kweli, kwa sababu misuli inayobebwa hulegea, na ubongo usiojaribu haujifunzi. Wahandisi wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, Neville Hogan na Hermano Igo Krebs, walioanza kuunda MIT-Manus, roboti ya mazoezi ya mkono, zaidi ya miaka 30 iliyopita, walisisitiza mashine iliyo nyepesi mkononi, inayompisha mgonjwa na kumsaidia pale tu anaposhindwa. Mashine yetu ina uwezo huo, ila mpangilio wake umefungwa kwa namba ya siri, na kampuni iliyotukodisha ilichukua siku kumi na mbili kutupatia. Kwa mgonjwa ambaye miezi ya kwanza ndiyo yenye rutuba zaidi, siku kumi na mbili ni nyingi, na kosa hilo siwezi kulisamehe kirahisi.

Msaada ulipopunguzwa, alama zilianguka, na baba alinuna kwa siku tatu. Siku ya nne alitoka jasho kwa mara ya kwanza tangu mashine ifike, na tangu hapo ndipo ninapohesabu kuwa mazoezi yalianza.

Kasoro ya pili ni kwamba roboti hukiona kiganja tu. Mgonjwa akichoka huinamisha kiwiliwili mbele badala ya kunyoosha kiwiko, na mashine humpa alama zote. Mtaalamu wetu aligundua hilo kwa simu ya video, akatuelekeza tumfunge mgongo kwenye kiti kwa mkanda mpana, tena tushushe meza ili bega lisipande. Simu hiyo ya kila wiki, iliyojumuishwa katika ukodishaji, naithamini kuliko michezo yote. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2019, lenye wagonjwa 124, lilionyesha kuwa tiba ya mkono inayofanyika nyumbani chini ya usimamizi wa mbali haikuwa duni kuliko ile ya kliniki. Kampuni isiyotoa usimamizi huo inakodisha mota na skrini tu.

Matokeo yalipimwa kwa kipimo cha Fugl-Meyer, kinachopima mwendo wa viungo baada ya kiharusi na ambacho kwa mkono kina alama 66, na baba alitoka 27 hadi 34. Bega na kiwiko vimeimarika waziwazi. Vidole havijabadilika sana, na vifungo vya shati bado tunamfungia. Nilivunjika moyo, kisha nikakumbuka jaribio kubwa la Uingereza la mwaka 2019, RATULS, lenye wagonjwa 770: mafunzo ya roboti, dakika 45 mara tatu kwa wiki kwa wiki 12, yaliongeza mwendo wa mkono kwa kiasi fulani, lakini hayakuongeza uwezo wa kuutumia katika kazi za kila siku. Mwendo wa mezani hauhamii kikombeni wenyewe. Kwa hiyo sasa kila kipindi hufuatiwa na dakika 20 za kazi halisi: kufungua droo, kukunja taulo, kushika kikombe kitupu na kukirudisha mahali pake.

Mwenye maumivu makali ya bega au misuli iliyokakamaa sana aonwe kwanza na daktari, na ngozi chini ya mikanda ikaguliwe kila siku, kwani mgonjwa aliyepoteza hisia hatajua kuwa inachubuka.

Tumeongeza miezi miwili ya kukodi. Msaada wa mota sasa uko katika kiwango cha chini kabisa, na namba ya siri baba ameiandika mwenyewe, kwa mkono wa kulia, kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni mwa skrini.