Huduma ya kuzamia inayowaachia pomboo uamuzi

Kilichonifanya niithamini huduma hii ya kuzamia kwa mtungi wa hewa ni kwamba mwongozaji wetu hakutuahidi pomboo hata mara moja. Kabla ya kushuka alitueleza kuwa hawa ni wanyama huru, kwamba wao ndio wanaoamua kukaribia au kwenda zao, na kwamba mzamiaji anayewafuata mbio kuelekea juu hujihatarisha mwenyewe, kwa kuwa anapaswa kupanda polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona: kwanza miluzi myembamba, kisha mfululizo wa milio mifupi kama ya vidole vinavyoalishwa, ambayo pomboo huitumia kutambua mazingira kwa mwangwi. Walipotokea, mmoja wao, mwenye mistari myeupe ubavuni iliyoachwa na meno ya wenzake, alijigeuza upande akatutazama kwa jicho moja, nasi tukatulia mikono ikiwa imekunjwa kifuani kama tulivyoelekezwa. Hakuna aliyejaribu kumgusa, na naamini utulivu huo ulichangia wao kukaa nasi.

Kasoro ninayoiona ni ukubwa wa kundi: mapovu ya watu wengi yaliziba sehemu ya mandhari, na mwongozaji mmoja hakutosha. Kwa sababu hiyo, ninaipendekeza huduma hii kwa wale ambao tayari wanamudu kuelea katikati ya maji bila kupanda wala kuzama, wala si kwa anayeanza.